Vidonge Ulivyovitoa Kwenye Pakiti

Mwanangu Mwanatumu,

Sasa hivi umetoka kwenda kwa jirani kupakwa hina, umeacha mlango wa chumba wazi na redio inaimba peke yake. Kabla ya kutoka ulikaa kitandani ukavitumbua vidonge vyako vya malaria kutoka kwenye pakiti, kimoja kimoja, ukavitia kwenye kile kikopo cha mafuta ya nywele ulichokiosha jana. Ukatia na vile vya njano vya damu humo humo. Pakiti tupu ukazikunja ndani ya gazeti, ukazitupa kwenye kapu la taka chini ya maganda ya muhogo. Nilikuwa nje ya dirisha naanua nguo. Hukuniona. Sikusema kitu, kwa sababu ningesema ningepiga kelele, na leo sitaki kelele baina yetu.

Nimezitoa zile pakiti na kuzipangusa. Ziko hapa mkekani mbele yangu, zina jina lako kwa mwandiko wa nesi. Nimemaliza kuswali alasiri. Kesho alfajiri gari litakupitisha mpakani Lunga Lunga uende Tanga, chuoni, ukajifunze kufundisha watoto wadogo. Nilikuwa nimekusudia kukuaga kwa mdomo tu. Lakini mdomo wangu umekaa miaka kumi na tatu haujalisema hili, na sidhani utaanza leo.

Usiogope, sikuandikii mambo ya kufunga mlango wala ya kuamka kuswali. Kupika unanishinda. Mengi uliyajua kabla sijakufundisha vizuri, maana mimi mwenyewe nilikuwa mtoto nilipokuzaa. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimeachia shule darasa la saba, na nilipoambiwa kliniki Msambweni kwamba damu yako ina seli mundu, niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nesi akanieleza kuwa chembe za damu yako zinajikunja kama mundu wa kukatia majani, zinakwama njiani, ndiyo maana ulikuwa ukilia usiku kucha vidole vimevimba. Akasema mtoto kama huyu malaria ikimpata haina mchezo naye, kwa hiyo atameza kidonge cha kuizuia kila siku ya Mungu. Nikamuuliza, "Mpaka lini?" Akasema, "Wewe kwanza mpe cha leo."

Tumepigana mimi na wewe juu ya vidonge hivyo! Ulipokuwa na miaka minane niligeuza godoro lako nikakuta kumi na kimoja, vimepangwa chini yake kama mayai ya mjusi. Nilipokuuliza ukasema, "Naviweka akiba nikiumwa." Nilikuchapa, kisha nikakaa nyuma ya nyumba nikacheka peke yangu, kisha nikalia.

Juzi ukaniambia, "Mama, tutalala wanne chumba kimoja. Wakiniona nameza kila siku watasema nina ule ugonjwa."

"Ugonjwa upi?"

"Mama nawe! Ule."

Nikakwambia waseme watakavyo, midomo ni yao. Ukabenua mdomo wako: "Rahisi kusema, huendi wewe." Na ulikuwa umenijibu sawasawa. Nilikuwa nimesema kama mtu ambaye hajapata kuvificha. Nimevificha, Tumu, na aliyeumia ni wewe.

Ulikuwa na miaka sita. Shangazi yako Zuhura, dada yake babako, alikuwa anamwoza binti yake wa kwanza kule Tanga, akatuita. Najua jina hilo halitajwi nyumbani kwetu. Leo nalitaja. Babako alikuwa na kazi ya kuezeka makuti kwenye hoteli moja Diani, hakupata ruhusa, tukaenda mimi na wewe. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuvuka mpaka. Nilikuwa na buibui jipya na hofu moja tu: watu wa ukoo wa babako wasijue kuwa una seli mundu. Nilijua watasema ugonjwa umeingia na mimi, ati kwao haukuwako. Nesi alikwisha kuniambia kuwa mtoto huupata kwa baba na kwa mama, wote wawili, hakuna mmoja wa kulaumiwa. Nilimsikia. Lakini ukweni nilikuwa mgeni, na nilitaka wanipende.

Basi siku moja kabla ya safari nikafanya ulivyofanya wewe leo. Nikavitumbua vidonge vya siku kumi, nikavikata nusu nusu kama ulivyokuwa ukipewa wakati ule, nikavitia kwenye kikopo cha poda. Humo humo nikatia na panadol zako, nazo nimezikata nusu, za siku viungo vikikuuma. Vyote vyeupe. Nilijiambia nitavitambua, kwani anayevishika kila siku ni nani kama si mimi?

Arusi ya siku nne ikawa wiki tatu. Wawajua watu wetu. Siku niliyotaka kuondoka, shangazi yako alikuja akakaa juu ya begi langu. Kukaa kwa kweli, na mwili wake ule, akasema, "Haya, livute hapa chini yangu kama una nguvu." Uani kote wakacheka, mimi nikabaki. Alikuogesha yeye, alikulisha yeye. Asubuhi moja alikuwa anakuchana, akawaambia wanawake waliokuwa wakichagua mchele, "Tazameni nywele za mtoto wa kaka yangu, kamba ya nazi haioni ndani!" Mmoja wao akamwambia, "Sema mashallah, Zuhura." Yeye akasema, "Ah, huyu si wangu mwenyewe?" akaendelea kuchana.

Mimi kila asubuhi nilikuwa nakupeleka nyuma ya choo, nakutia nusu kidonge mdomoni na maji ya kikombe. Nilikupa kabla hujala, maana baada ya chai watu wangeniona. Kidonge hicho kinatakiwa kimezwe tumbo lina kitu, na mara mbili ulikitapika. Nikafukia kwa mchanga, nikajiambia kimeshaingia. Siku moja nilisahau kabisa kwa shughuli za pilau, kesho yake nikakupa mara mbili kufidia. Hayo hakunifundisha mtu, ni akili yangu mwenyewe. Nesi aliposikia baadaye alishika kichwa. "Ukikumbuka siku ile ile, mpe," akaniambia. "Ikishakuwa kesho, mpe cha kesho tu. Kwani jana ukilala na njaa, leo unakula sufuria mbili?"

Wiki ya tatu ukaanza kulala mchana. Hukutaka kucheza. Nikakugusa shingo, huna moto. Nikashukuru: alhamdulillahi, hana homa. Sikujua ni nini kinachoizima homa hiyo.

Tuliposhuka mpakani kugonga karatasi zetu, miguu yako ilikataa kusimama. Nikakubeba, jua kali, malori yamepanga foleni mpaka huko nisikokuona mwisho. Kijana mmoja wa afya pale mpakani, aliyevaa koti jeupe, akatutoa kwenye mstari. Akakuvuta ukope wa chini kwa kidole. Ndani kulikuwa kweupe kama karatasi, na jicho lenyewe la njano.

"Mama, mtoto huyu anatumia dawa yoyote?"

"Ya kuzuia malaria. Kila siku."

"Pakiti yake iko wapi?"

Nikamtolea kikopo cha poda.

Hakunicheka. Akamimina vyote juu ya meza, akavisukuma kwa ncha ya kalamu. Akachukua nusu moja na nusu nyingine, akaziunganisha kama mtu anayeunganisha kikombe kilichovunjika. Herufi zikasomeka. "Hii panadol," akasema. Akaunganisha nyingine. Panadol. Akaendelea mpaka mezani hapakubaki kitu. "Mama, humu hamna dawa ya malaria hata chembe. Amekuwa akimeza panadol siku ngapi?"

Mpaka leo sijui. Huenda wiki, huenda zaidi. Akanieleza kuwa panadol ilikuwa inaishusha homa, na malaria inaendelea na kazi yake bila mimi kuiona.

Kisha akauliza, "Ana ugonjwa mwingine wowote?"

Nyuma yangu kwenye foleni kulikuwa na watu wawili niliokuwa nao arusini, jamaa za babako. Nikanyamaza. Umelegea begani kwangu, pumzi yako naisikia shingoni ikikatika katika, na mimi nanyamaza kwa haya. Yule kijana akasogea karibu, akaniambia taratibu, "Mama, niambie mimi tu." Ndipo nikamwambia sikioni. Hakumaliza hata kunisikiliza, alikuwa amekwisha kukimbilia barabarani kusimamisha gari.

Huko Msambweni walikutia damu. Babako alikuja kutoka Diani na vipande vya makuti kichwani, akatoa damu yake, akakaa sakafuni kando ya kitanda chako. Mama yangu naye akaja kutoka Bodo. Hakuuliza dawa, hakuuliza mbu. Aliuliza, "Nani alimsifu mtoto huyu?"

Na mimi nikajibu. Nikasema, "Wifi Zuhura. Alizisifu nywele zake, na mashallah hakusema."

Kila neno lilikuwa kweli, Tumu. Ningesema uongo mtupu labda ungenikaba nikautoa siku hiyo hiyo. Huu ulikuwa ukweli, niliuweka juu ya ukweli mwingine ukaufunika, na kila mtu akatosheka. Mama yangu akaagiza unyolewe nywele zote. Babako akaacha kupokea simu za dada yake.

Siku ya tatu shangazi yako akaja. Alivuka mpaka peke yake na chupa ya uji. Babako alimzuia langoni, nami niliwaona kwa dirisha la wodi. Alisema, "Kaka, nimemfanya nini mtoto?" Babako akasema, "Rudi kwako." Alikaa kwenye benchi la nje mpaka saa ya kuona wagonjwa ikapita, akampa askari ile chupa, akaondoka. Uji ule nilikunywesha mimi mwenyewe, kijiko kwa kijiko. Ulikuwa hujala kitu siku mbili, ukaumaliza. Ukaniuliza nani kapika uji mtamu. Nikasema, "Wa hospitali."

Ndiyo sababu huna shangazi. Umekua ukiambiwa ana jicho, na juzi nilimsikia babako akikuonya usipite mtaa wake kule Tanga. Nilikuwa jikoni. Nilikoroga mchuzi.

Baada ya hapo nilijifunza, lakini usidhani nilijifunza mara moja. Mwaka uliofuata, kiangazi, mbu hawaonekani, nikaona mbona nakusumbua bure, nikaacha wiki mbili. Nesi alinikuta na pakiti zilizozidi. Hakunikaripia, alinikalisha akanifundisha kusoma pakiti: jina la dawa hili, jina la mtoto hili, mwisho wa kutumika huu hapa. Nilikuwa najua kusoma, ila sikujua kuwa maandishi yale madogo yameandikwa kwa ajili yangu. Nilidhani ni ya wenye duka.

Sasa umepita pale nilipoishia mimi kwa mbali sana, na naona aibu kukufundisha. Nitasema ninayoyajua tu. Kidonge kilichotolewa kwenye karatasi yake kinanyonya unyevu wa pwani hii, na kikiwa na wenzake weupe hakina jina tena. Siku ukizidiwa, atakayekusaidia hatakuwa mimi. Atakuwa mtu wa huko asiyekujua, na ataanza na swali lile lile la yule kijana: pakiti iko wapi? Nataka mkono wake ukiingia kwenye mkoba wako uikute, na ndani yake ile barua ya daktari na kadi yako ya kliniki. Mkoba wa mkononi, mwanangu. Begi la kwenye buti la basi lina joto lake, na lina siku yake ya kupotea.

Wale wasichana watatu si lazima uwaambie siku ya kwanza. Mwili ni wako. Pakiti inakaa ndani ya mkoba, mkoba kabatini, ufunguo shingoni, na hapo hujamdanganya mtu. Ukimeza baada ya chakula cha jioni na mmoja akauliza, mwambie ni dawa ya kuzuia malaria. Ndivyo ilivyo. Wengine watataka uwagawie wakiumwa kichwa. Usiwape, hiyo si dawa ya kutibu na dozi ile imeandikiwa wewe. Zahanati ya huko itafute wiki ya kwanza, pakiti zikiwa bado zimejaa, uende nazo waone unachotumia. Wakitaka kukupa nyingine waulize kama unaacha hii au vipi. Usichanganye mbili kwa kukisia. Kukisia tumekwisha kukisia sisi.

Na homa. Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Unaweza kumeza kila siku, ukalala ndani ya chandarua, na bado ikakupata. Ukijisikia moto, usinywe panadol ukajifunika shuka kungoja asubuhi. Nenda upimwe saa ile, na useme seli mundu kwa sauti, hata kama nyuma yako kuna chuo kizima. Mimi nilinyamaza pale mpakani, na kila nikikutazama unapolala, hata sasa ukiwa mtu mzima na miguu inapita kitanda, naukumbuka unyamavu ule.

Lakini mtu akiwa na homa kali hajipeleki mwenyewe. Hilo limeninyima usingizi tangu barua ya chuo ilipofika. Lazima awepo mtu Tanga anayejua. Mtu wa kumgongea mlango usiku, atakayekubeba hata akiwa hana viatu. Nimewapitia wote ninaowajua kule, na kila nikihesabu narudi kwa mtu mmoja, na huyo ndiye niliyemfukuza kwa ulimi wangu. Nimekuwa nikijiambia nitalisema ukishamaliza shule, nitalisema ukipona kabisa, nitalisema mama yangu akishatangulia mbele ya haki. Mama ametangulia, nami sikusema. Nilimwogopa babako. Namwogopa bado. Si mtu wa kupiga, wajua, ila ni mtu wa kunyamaza, na miaka kumi na tatu bila dada yake nimempa mimi.

Nimempigia nesi simu. Amesema hivyo vidonge ulivyovichanganya usivimeze, nimpelekee kikopo na pakiti zote, atakupa vingine kabla hajafunga. Nimempigia na babako aje na pikipiki anipeleke. Nimemwambia tu kuwa dawa zako zimeharibika. Mengine nitamwambia njiani. Nimeshapanga: nitakaa nyuma yake, nitamshika kiuno, na nitauambia mgongo wake, kwa sababu usoni sitaweza. Akisimamisha pikipiki akanishusha, nitatembea mpaka kliniki.

Ukirudi na hina yako utaikuta barua hii juu ya begi. Ukitaka kunikasirikia, una haki. Nikirudi kaa nami, uniulize lolote, nitakujibu hata mbele ya babako. Na ukitaka kukaa kimya vilevile nitakaa, ila kula kwanza, ubwabwa nimeufunika.

Nyumba ya shangazi yako haijahama. Ni ile ya pili ukitoka kwenye msikiti wenye mlango wa kijani, mtu yeyote mtaani pale ukimtaja Bi Zuhura atakuonyesha. Nenda siku ile ile utakayofika, kabla hujafungua begi. Nasikia pikipiki. Babako anaita kutoka njiani, "Mama Tumu! Watafunga hao!" Nakuja, baba. Mwanangu, mshike shangazi yako mkono umwamkie, hata kama hatakujua, na kabla hajakuuliza wewe ni wa nani mwambie hivi, kwa maneno haya haya: mama anasema hukumfanya mtoto lolote, kosa ni lake yeye, na anauliza kama utanifungulia mlango nikikugongea usiku.